Kifungo

Mdogo wangu nilimpeleka kwenye darasa la uandishi kwa kumburuta. Tangu mumewe aende jela alikuwa akijifungia ndani, na majirani aliwaambia shemeji yuko safarini. Hata mwanawe aliambiwa hivyohivyo. Ukweli tuliujua mimi na yeye tu, na niliapa kufunga mdomo. Mimi ni fundi cherehani, kushona mdomo wangu mwenyewe kungenishinda vipi?

Siku ya kwanza mwalimu alitundika ukutani picha ya mlango uliofungwa, akatutaka tuandike kilicho nyuma yake. Wenzetu walijaza kurasa. Mdogo wangu aliandika, "Hakuna mtu," akaweka kalamu chini. Nilimfinya, wapi.

Mara ya pili mwalimu alikuja na mfuko wa vitu vya nyumbani. Alikuwa anatia mkono, anatoa kitu, anamkabidhi mtu. Mzee muuza magazeti alipata kijiko. Mimi nikapata kikombe kilichovunjika mkono. Kisha akamfikia mdogo wangu, kiganja amekifumba.

"Wewe dada, tuandikie kuhusu kifungo," akasema. "Usiogope, kila nyumba ina chake."

Mdogo wangu akasimama. Hakumtazama mwalimu, alinitazama mimi.

"Kweli kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Dada, nilikuambia wewe peke yako."

"Mdogo wangu, naapa sijasema kitu."

"Basi na wajue wote." Akawageukia wenzetu. "Mume wangu hayuko safarini. Amefungwa. Mmeridhika?"

Mwalimu wa watu akafumbua kiganja taratibu. Ndani kilikuwamo kifungo cha shati, cheupe, chenye matundu manne.

Nilitamani ardhi inimeze. Vifungo ndivyo vinavyonilisha, na hata mimi nilikuwa nimesikia jela.

Hakuna aliyecheka. Mzee muuza magazeti akamsogezea kiti.

"Keti, binti yangu," akamwambia. "Mimi mwanangu nilikuwa nasema yuko masomoni."

Mdogo wangu akaketi. Alikichukua kile kifungo, akakigeuzageuza, kisha akaanza kuandika. Aliandika huku analia. Katikati akanyoosha mkono akachukua leso yangu bila kuomba, nami nikajua yamekwisha. Ndivyo anavyoomba radhi huyu, tangu utotoni.

Alipoitwa kusoma, sauti yake haikutetemeka.

"Usiku waliomchukua walimvuta shati, kifungo kikaruka chini ya kabati. Mwanangu alikiokota kulipokucha. Amekiweka kwenye kopo lake, na kila asubuhi ananiuliza baba atarudi lini tumshonee. Mimi humjibu kwamba safari ni ndefu."

Akaishia hapo. Nilikuwa ubavuni kwake, niliona karatasi ina mstari mmoja zaidi. Mwalimu naye aliuona.

"Umalizie, dada," akamwambia kwa upole.

Mdogo wangu akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Huo una mwenyewe," akasema. "Nitamsomea jioni, akitoka shule."