Firigisi za Marehemu Lusweti

Jumapili baada ya kanisa, Ayuma alifika Makongeni na kuku wa kienyeji, fungu la mboga za managu na maagizo ya nesi. Mama yake, Beldina, alikuwa ameanguka tena pale mferejini. Nesi alimpima akasema hana ugonjwa wowote, ila nyama imemwisha mwilini. Mtu wa umri wake akiishi kwa chai ya rangi na mkate, miguu humkataa. Ale kuku, mayai, maharagwe, mboga na matunda. Akianguka mara nyingine nyonga itavunjika, na huenda asisimame tena. Ayuma alikuwa na mama mmoja tu, naye aliogopa sana.

Alipika mwenyewe. Chakula kilipowekwa mezani, baba yake, Lusweti, aliingia, akavua kofia na kuketi kwenye kiti chake. Lusweti alizikwa Lugari mwaka uliopita, na viatu vyake vilikuwa na udongo wa huko. Beldina alimnawisha mikono, akamwekea firigisi, kwa kuwa kwao firigisi ni ya mwanamume na hakuna aliyewahi kusikia mke ameila. Akamwongezea mapaja. Yeye alichukua shingo na kikombe cha chai.

"Mama, hiyo nyama nilikuletea wewe," Ayuma alisema.

"Nitakulaje na baba yako ameketi hapo?"

Ayuma hakujua amgombeze nani. Baba alikuwa amenenepa. Kikohozi kilichomuua kilikuwa kimepona, na mashavu yalimng'aa. Aliye hai anakonda, aliye kaburini ananawiri. Ayuma aliliwaza jambo hilo njia nzima hadi kwake Kware, na kila alipodhani amelishika, lilimponyoka.

Jumapili iliyofuata alileta kuku wawili. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: firigisi moja ya baba, nyingine ya mama. Lakini Lusweti alikuja na ndugu yake mkubwa, aliyefariki kabla Ayuma hajazaliwa, na shemeji hanyimwi. Ayuma akaleta watatu. Akaja pia fundi mmoja wa reli aliyefanya kazi na Lusweti enzi hizo, marehemu mwenye adabu sana, aliyebisha hodi kabla ya kuingia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ila kuhusu marehemu hawakutuachia hata neno. Majirani walisikia vicheko wakamsifu Beldina: mjane, na bado anamtunza mumewe hivyo! Beldina alifurahi. Siku hizo alikuwa akishika ukuta ndipo afike chooni.

Ayuma aliiangalia mikono ya mama yake ikitetemeka na bakuli la mchuzi, akashindwa kuvumilia.

"Baba, Mama anakufa njaa."

Wazee waliacha kutafuna. Lusweti alimgeukia mkewe, uso umemjaa wasiwasi.

"Mama Ayuma, una njaa?"

"Mimi nimeshiba," Beldina alisema, akimwongezea mchuzi.

"Umesikia mwenyewe," Lusweti akamwambia binti yake.

"Atakufa, Baba!"

"Basi si atakuja kwetu?" Lusweti alisema kwa upole, maana alimpenda mkewe kweli. "Usilie, binti yangu. Huko tuko sawa. Shida yetu ni moja tu, wanawake wanakawia kuja na sisi kupika hatujui. Ndiyo maana unatuona tukitoka mbali hivi kuja kula."

Wenzake walitikisa vichwa kukubali. Ayuma alimtazama mama yake, akingoja akasirike, au walau aketi. Beldina alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika meza na mwingine sufuria, akifikiri.

"Na huko," akauliza, "mkaa upo, au nije nao?"