Sukey Hajamaliza Kupiga Pasi

Sukey, mtumwa wa kufua nguo katika shamba la Rais, alikufa Jumanne kwa kifua, akazikwa Jumatano nyuma ya mabanda ya tumbaku. Alhamisi jioni alikuwa mezani kwake katika chumba cha kufulia, anapiga pasi kofia za lesi za mke wa Rais, maana Ijumaa ndiyo siku ya Bibi kupokea wageni. Pindo la gauni lake lilikuwa na udongo mwekundu.

"Shemeji, mkeo kaja kazini," Phebe mpishi alimwambia Isham. "Nimemwekea uji, kautazama tu."

Bibi alizikagua kofia, akaridhika. "Tangu afe hajaunguza hata uzi mmoja," alisema.

Ikawa kila alfajiri Sukey anarudi kaburini, kila jioni anatoka. Isham aliliacha shimo wazi ili mkewe asihangaike kuchimba. Mvua ikinyesha alilifunika kwa mbao. Wiki ya tano alivua kofia, akaingia ukumbini.

"Bibi, yule nimemzika kwa mikono yangu. Mwache alale."

"Isham, ningekuwa na uwezo ningemwacha leo hii," alisema Bibi kwa upole, ule upole wa wakubwa usiomshibisha mtu. "Lakini Sukey si wangu. Yumo katika fungu la mjane, nililoachiwa na mume wangu wa kwanza. Mimi namtumia tu. Nikifa, ni wa wajukuu. Sheria hiyo sikuitunga mimi."

"Na Rais je? Si ndiye mwenye sheria?"

"Rais ana nchi nzima ya kuikomboa. Usimsumbue."

Jikoni, Phebe alicheka mpaka akakaa chini. "Nchi nzima! Basi Sukey angoje zamu."

Bibi alikufa mwezi Machi. Isham akatandika maganda ya mahindi shimoni, Sukey alale moja kwa moja. Siku ya tatu wakili akaja kugawa fungu. Sukey akawa wa mjukuu mmoja aliyeishi mji wa Richmond.

"Huyo alishakufa," Phebe alimwambia wakili.

"Anafanya kazi?"

"Anafanya."

Wakili akaandika.

Isham alikuwa mtumwa wa Rais mwenyewe, hakuwemo katika fungu lile. Alimsaidia mkewe kupanda gari la farasi, akampakatisha pasi yake.

"Lifukie lile shimo," Sukey alisema. "Ng'ombe wa watu asije akavunjika mguu."

Gari likaondoka. Isham akachukua koleo, akalifukia.