Samaki wa Vidole

"Usiguse!"

Mwanamke mwenye miwani aliurudisha mkono wake haraka, lakini kidole kilikuwa kimekwisha kufanya kazi yake. Kishimo kidogo kilibaki ubavuni mwa samaki, na wote wawili, yeye na muuza samaki, wakakikodolea macho.

"Harudi," alisema yule mwanamke. "Samaki mzuri ukimbonyeza, nyama inarudi juu. Huyu wa jana."

"Wa leo, dada yangu. Nimemchukua alfajiri kwa mikono yangu hii."

"Mbona harudi?"

"Arudi mara ngapi? Wewe ni wa kumi na tisa tangu saa moja! Hata wewe ukibonyezwa mara kumi na tisa hutarudi."

Mwanamke alicheka sana, akamshukuru kwa kumchekesha, kisha akaenda zake bila kununua.

Sokoni muuza samaki huyo walimwita Bi Usiguse. Alikuwa na miaka kumi na miwili ya kuzipigania mbavu za samaki wake, na miaka yote hiyo ameshindwa, maana mnunuzi ukimwambia asiguse anadhani kuna kitu unachomficha. Mwaka huu akabuni njia. Kila asubuhi alimtenga samaki mmoja, akamlaza mbele kabisa ya meza, abonyezwe yeye kwa niaba ya wenzake. Waliobaki walilala nyuma, chini ya barafu na kitambaa kibichi, salama salimini. Yule wa mbele alimwita samaki wa vidole. Njia ilikuwa nzuri, isipokuwa kwa jambo moja ambalo hakulifikiria: watu walimbonyeza wa mbele, wakawahukumu wa nyuma.

Na leo hakuwa na nafasi ya kukosea. Hospitali ilikuwa inatafuta meza moja ya kuipelekea samaki, ndoo tatu kila siku, na mpishi mkuu alikuwa anakuja mwenyewe kuchagua. Bi Usiguse aliitaka sana kazi hiyo. Hakuwa akiota utajiri. Alitaka tu afikishe samaki wake jikoni, arudi nyumbani saa tatu, meza yake sokoni iko tupu, asiione tena ncha ya kidole cha mtu. Vidole vilikuwa vimemchosha mno. Vilimfuata hadi usingizini.

Mpishi akafika wakati yeye amekwenda kuchukua barafu. Ingekuwaje vinginevyo? Aliporudi na ndoo yake alimkuta pande la mtu limeinama mezani, kidole gumba kimezama ndani ya samaki wa vidole hadi kwenye ukucha.

"Usiguse!" Neno lilimtoka kabla hajaona beji ya hospitali kifuani.

Mpishi aligeuka taratibu. "Unasemaje?"

"Samahani, kaka. Nilitaka kusema, si huyo. Huyo ni wa vidole."

"Wa vidole ndio nini?"

"Wa kubonyezwa. Wa kuuzwa wako huku nyuma."

Mpishi akakifuta kidole gumba. "Yaani wewe unaonyesha mbaya na kuuza mzuri? Wenzako wote hufanya kinyume."

Bi Usiguse alikifunua kitambaa. Mpishi alimbonyeza mmoja, nyama ikarudi juu palepale. Akambonyeza wa pili, ikarudi. Moyo wa mama wa watu ukaanza kutulia. Kisha mpishi akafunua shavu la samaki, akachungulia matamvua ndani, akaguna.

"Yamepauka."

"Ni barafu hiyo. Maji yake yanaosha rangi. Nusa basi."

Mpishi alinusa. "Harufu sina ugomvi nayo. Tatizo ni mtu wetu wa stoo. Yeye hanusi, habonyezi. Anafunua shavu tu, akiona jekundu anatia saini. Jirani yako hapo mashavu yanawaka moto."

"Kwani wagonjwa wanakula mashavu?"

"Wagonjwa hawatii saini, dada."

Kwenye meza ya pili jirani alikuwa akitabasamu hadi magego. Samaki wake walikuwa na macho yaliyozama na kuingia ukungu, macho ya juzi, lakini mashavu yao yalikuwa mekundu kama ya kuchinjwa sasa hivi. Bi Usiguse alijua sababu. Safu nzima ilijua. Chini ya meza ile kulikuwa na kikopo cha damu kutoka buchani, na ndani yake brashi. Kwa miaka yote hiyo walinyamaza kwa ajili ya ujirani mwema, na Bi Usiguse alinyamaza pamoja nao. Lakini leo ujirani ulimshinda.

Akaenda hadi kwenye meza ile, akafunua shavu la samaki aliyekuwa mbele, akatia kidole.

"We mama, usiguse!" jirani alipiga kelele.

Safu nzima ikaangua kicheko. Bi Usiguse hakucheka. Alikifuta kidole chake kwenye kitambaa cheupe, kikaacha mstari mwekundu. Akarudi mezani kwake, akakitia kidole kilekile ndani ya shavu la samaki wake, akakifuta kando ya ule mstari. Palilowa maji tu.

"Haya, kaka. Chagua."

Mpishi alikitazama kile kitambaa, akamtazama jirani, ambaye sasa alikuwa na shughuli nyingi chini ya meza.

"Kesho saa kumi na mbili, ndoo tatu," alisema. "Mtu wa stoo niachie mimi."

"Asante, kaka. Asante sana."

"Ila kabla sijapokea, nitabonyeza."

"Mmoja?"

"Kila mmoja. Bado sikujui." Akainua kidole gumba chake, kipana kama kijiko cha supu. Bi Usiguse alitamani kulia.

Jioni alirudi nyumbani na samaki wa vidole, kama kila siku, kwa kuwa hakuna aliyemnunua kamwe. Mama yake alikuwa amekaa jikoni akimsubiri. Meza ile ya sokoni ilikuwa ya mama huyo, kabla macho hayajafifia na kuzima.

"Wa leo huyo?" mama aliuliza, akanyoosha mkono.

Kila jioni aliuliza hivyo na kunyoosha mkono hivyo, na kila jioni Bi Usiguse alimpitisha samaki juu juu hadi kwenye kikaango. "Usiguse, mama, utachomwa na miiba." Hata leo neno lilimfika kwenye ulimi. Akalimeza, akaiweka sahani chini ya mkono wa mama.

Vidole vyembamba vilitembea ubavuni polepole, kishimo hadi kishimo, vikasimama kwenye kikubwa kuliko vyote.

"Mwenye gumba hili ni nani?"

"Mpishi wa hospitali."

"Amechukua?"

"Amechukua, mama. Ndoo tatu, kila siku."

Mama alikitia kidole gumba chake mwenyewe ndani ya kile kishimo, akabonyeza, akakiondoa, kisha akainamisha kichwa kando, akisubiri nyama irudi. Kwenye jiko mafuta yalianza kulia. Bi Usiguse akapunguza moto, naye akasubiri.