Vitanzi Vilivyopinda Shingo

Kitinda mimba alipoondoka kwenda kuanza kazi kwenye duka la dawa katika mji wa mbali, mama yake alitandika vitanda vitatu visivyo na wa kuvilalia, akaketi sebuleni na kuanza kumfumia sweta. Kifungua mimba na yule wa kati walishaondoka zamani, nao aliwafumia. Miaka ishirini na tisa alikuwa fundi wa masweta ya shule. Mikono yake haikujua njia nyingine ya kulia.

"Watoto wameondoka, wewe umeolewa na sindano," jirani alimtania kupitia dirisha.

"Afadhali hizi hazikoromi," alijibu.

Alifuma asubuhi. Mchana alikwenda karakana kukagua kazi za mafundi wapya. Siku ya nne aliporudi, sweta lilikuwa limerefuka vidole vinne. Alihesabu. Aliacha mistari arobaini. Sasa ilikuwa hamsini na miwili. Mlango alikuta umefungwa kama alivyouacha, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, shingoni mwake.

Alilipeleka sweta kwenye mwanga. Ile mistari kumi na miwili ilikuwa na vitanzi vilivyopinda shingo, kimoja baada ya kingine. Alimjua mtu mmoja tu aliyefuma hivyo. Tangu akiwa na miaka minane, kitinda mimba aliuzungusha uzi kinyume. Mama alimkaripia mpaka akachoka, na mtoto alijibu kila mara, "Mbona linavalika?"

Mstari mbovu hufumuliwa. Ndivyo alivyowafundisha mafundi wote. Hii hakuifumua. Alipitisha kidole juu yake. Ilikuwa na joto, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi.

Tangu hapo akawa anarudi kwa haraka, kama mtu aliyeacha mgeni nyumbani. Kila jioni alikuta mistari mipya. Asubuhi alifuma kwa kujivuta, makusudi, ili kazi isiishe. Sweta likapita kiuno, likafika magotini, naye akaendelea. Akitoka, alisimama mlangoni na kunong'ona, "Bado kidogo, mwanangu. Usiharakishe."

Jumamosi simu ikalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imeshuka?"

"Kazi itaniponyoka, mama. Kila siku ikifika saa nane mchana usingizi unanibeba nikiwa nimesimama kaunta. Jana nusura nimpe mtoto mchanga dawa ya mtu mzima. Mama yake ndiye aliyesoma chupa. Bosi amesema ikitokea tena, nifungashe."

"Umepima?"

"Nimepima, sina kitu. Ila nikisinzia naota niko hapo sebuleni, nafuma. Nataka kuinuka, sindano haziniachii. Na kuna mtu mlangoni ananiambia bado kidogo, nisiharakishe."

Mama akaushika ukingo wa meza.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Unataka kurudi nyumbani?"

Binti akauliza, "Nikisema ukweli hutaumia?"

"Sema tu."

"Huku napapenda, mama. Nataka nibaki."

Jumatatu mama hakwenda karakana. Alikaa na lile sweta refu mapajani, akalisubiri jua lihamie ukuta wa pili. Saa nane ilipofika, sindano ya kushoto ikawa nzito, kana kwamba mtu ameishika upande wa pili. Kiti kitupu kando ya chake kikatoa mlio.

Akaanza kufunga vitanzi, kimoja kimoja, kama fundi anavyofunga kazi iliyokwisha. Kila alipofunga kimoja, sindano ilivutwa, si kwa nguvu, kama mtoto anavyovuta khanga ya mama yake.

"Achia, mwanangu," alisema. "Umeshachelewa kazini."

Sindano ikatulia. Kilibaki kitanzi kimoja. Alikiweka kwenye kidole, akahisi joto lake. Akapitisha uzi ndani yake, akavuta.

Hatua nyepesi zikapita nyuma ya kiti chake, zikielekea mlangoni. Zikasimama hapo. Mama alikaza macho kwenye ukuta wa mbele na kuuma midomo yake, kwa maana alijua akigeuka tu, atamwita.