Huruma ya Mwalimu Nahumu

Mwalimu Nahumu alipunguzwa kazi mwaka 1995, serikali ilipopunguza watumishi, akarudi kwake Mjimwema, Njombe, na kitabu kimoja cha falsafa alichoachiwa na Mzungu wa misheni. Alikisoma mpaka jalada likachomoka. Kila Jumatatu mkewe, Idda, alipeleka viazi sokoni Makambako. Nahumu alimsindikiza, kisha akakaa mgahawani kwa Rukaya kuhubiri.

"Dunia unayoiona ni picha tu kichwani mwako," alisema. "Cha kweli ni mateso. Anayezaliwa amepotea njia."

"Na chapati hiyo, nayo picha?" Rukaya aliuliza.

"Nayo."

"Mbona unaomba ya pili?"

Dawa iliyobaki, alifundisha, ni huruma: kuyaona maumivu ya mwenzako kuwa yako. Hapo sauti ilimtetemeka, maana aliamini kweli. Hata mbuzi akichinjwa machozi yalimlenga, ingawa supu hakuiacha.

Jumatatu moja ya Juni, Badru, mpakiaji wa malori, aliteleza na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kiasi, likamvunja mguu, hatua tatu kutoka mezani. Nahumu alisimama, machozi yakimchuruzika.

"Jamani, mguu ule ni wangu! Ni wetu sote!"

"Kama ni wako, ushike!" Rukaya alifoka.

Nahumu akaitazama damu, kisha koti lake jipya la mtumba, la sufu. Akarudi nyuma, akieleza kwamba msaada huahirisha tu mateso. Rukaya hakungoja amalize. Alimvua koti, akamfunika Badru, wakampakia kwenye pikapu na kumkimbiza hospitali.

Jioni, Idda alimkuta mumewe stendi, meno yakigongana kwa baridi.

"Baba Jeni, koti?"

"Amepewa aliyeumia," alijibu. Aliyetoa hakumtaja.

Jumapili mchungaji alimsifu kwa koti hilo mbele ya usharika mzima. Nahumu aliinamisha kichwa, akayavumilia mateso hayo nayo.

Agosti Badru alifika Mjimwema kwa magongo, jogoo kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kushukuru."

Dhamiri ilimchoma Nahumu. "Marahaba. Lakini koti sikukupa, kijana wangu. Nilivuliwa."

"Najua, Mwalimu. Ulivunjika mguu, masikio yalikuwa mazima. Jogoo ni wa Mama Jeni. Kila Jumatatu nilipokuwa nimelazwa aliniletea uji, na nguo zangu akafua."

Nahumu alimgeukia mkewe. Wiki zote hizo alidhani Jumatatu anauza viazi tu.

"Kwa hiyo la koti ulilijua?"

"Badru aliniambia wiki ya pili."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi?" Idda alimpokea jogoo, akampapasa kifua kuona kama ana nyama. "Humu ndani msemaji ni wewe."

 Nahumu akatoka uani kuchanja kuni bila kutumwa. Alizichanja vibaya, moja ndefu, moja fupi, na Idda akakokea moto hizo hizo.