Rekodi ya Mzee wa Mvua

Kwa miaka minne aliyofanya kazi pamoja na Keziya katika ofisi ya kompyuta ya chuo cha kilimo, Anyitike hakuwahi kujiuliza kwa nini mama yule aliinuka kila kengele ya baiskeli ilipolia nje ya dirisha. Keziya alitoka kwa mlango wa nyuma, akasimama kwenye migomba mpaka mgeni aondoke. Anyitike alidhani anakwenda kupunga upepo.

Mgeni alikuwa mzee aliyefika kila Jumatatu kuingiza vipimo vya mvua kwenye kompyuta. Chuo kizima kilimwita Mzee wa Mvua. Alisoma namba kwa sauti huku akiziandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama apandaye punje moja moja. Akimaliza alishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu," akashika baiskeli yake.

Miaka ikapita. Mzee alifariki, Keziya akastaafu, na saraka ya mtandao, yaani orodha ya watumiaji wote wa kompyuta za chuo, ikabaki mikononi mwa Anyitike. Ni Keziya aliyemfundisha kuiheshimu. "Kila mtu ana ukurasa wake humu," alizoea kusema. "Jina, idara, simu, kundi lake, na mahali mafaili yake yanapokaa. Nywila yenyewe hatuiweki. Tunaisaga, tunaweka unga wake. Na unga, mwanangu, haurudi kuwa punje."

Mwaka huu seva mpya ilifika; ya zamani ingefutwa Ijumaa. Jumatatu, Anyitike aliiagiza kompyuta ichambue rekodi zisizo na majina kamili. Zilitoka tisa. Akazifuta zote kwa mkupuo, bila kuzisoma.

Alhamisi asubuhi Kisa, mwalimu wa kilimo cha mpunga, aliingia ofisini bila kubisha.

"Anyitike, umenifungia mvua."

"Mimi Mungu, dada?"

"Mungu angekuwa na nakala."

Anyitike aliacha kucheka. Folda aliyoitaka Kisa ilikuwa na vipimo vya miaka thelathini na mmoja, ambavyo kwavyo chuo huwaambia wakulima lini wamwage mbegu. Madaftari ya vipimo hivyo yalikwenda na mafuriko. Na folda ilikuwa mali ya akaunti iliyofutwa.

Akatengeneza akaunti mpya kwa jina lilelile, Mzee wa Mvua. Folda ikakataa. Saraka haimtambui mtu kwa jina. Humtambua kwa namba iliyofichika, apewayo mara moja tu. Akaiopoa rekodi ya zamani kutoka kwenye zilizofutwa, lakini seva mpya nayo ikaikataa: ilidai majina ya kitambulisho.

"Jina lake hasa nani?" akauliza.

"Mimi nimefika hapa keshafariki," alisema Kisa. "Muulize aliyemfungulia akaunti."

Rekodi ilionyesha kuwa ni Keziya. Simu yake iliita bila kupokelewa. Anyitike akabeba kompyuta, akapanda bodaboda hadi nyumbani kwa Keziya, Njisi.

Alimkuta akigeuza kakao kwenye kichanja cha kuanikia.

"Ugonile, mama," alimsalimu.

"Ndaga, mwanangu. Leo umekumbuka njia?"

Akamweleza yote. Keziya aliendelea kugeuza punje.

"Ulitaka niliandike jina la baba mkwe wangu?"

Anyitike alipigwa na butwaa. "Baba mkwe? Lakini mama, ile ni kompyuta tu!"

"Mdomo unyamaze, vidole viseme? Sehemu ya maelezo uliisoma?"

Hakuwa ameisoma. Aliifungua kompyuta palepale. Chini kabisa ya rekodi palikuwa na mstari mmoja: *Jina lake analijua mume wangu, Israeli. Usimfute.*

"Kumbe ndiyo maana ya mlango wa nyuma," alisema polepole.

"Kwetu mke wa mtoto haonani uso kwa uso na mkwewe, wala halitaji jina lake. Nyie wa siku hizi mnagombania naye finyango." Alicheka kidogo. "Kila Jumatatu nilisimama pale kwenye migomba nikimsikiliza akisoma namba zake. Milimita kumi na mbili. Milimita tatu. Leo hakuna kitu. Ndivyo nilivyomfahamu, mwanangu. Sikuwa na njia nyingine."

Akamwita mumewe, kisha akasogea mpaka mwisho wa kichanja na kuwapa kisogo. Israeli alitoka ndani akipangusa mikono, akalitamka jina la baba yake kwa sauti ya chini: Andongwisye Mwakajila. Anyitike akaliandika. Keziya aliporudi, Anyitike akaifunga kompyuta kwanza, asilione.

Ijumaa, kabla ya saa sita, mvua ya miaka thelathini na mmoja ilikuwa kwenye seva mpya. Ule mstari wa maelezo Anyitike aliuhamisha kama ulivyokuwa.

Tangu wiki ile, hakuna rekodi inayofutwa chuoni kabla Anyitike hajaisoma mpaka chini.