Mita Mpya ya Mji wa Magesa

Bhoke aliposema kwamba ni yeye aliyempigia simu fundi wa umeme aje kutoka Musoma, wifi yake Hilda alicheka mpaka akashika mbavu. Makubwa haya, mwizi anajiitia polisi! Bhoke alijua anachokifanya, na kama ni aibu, basi ije mchana kweupe watu wote wakiona.

Maana mambo yalikuwa yamefika pabaya. Mji wa baba mkwe wake, Mzee Magesa, hapo Butiama, una nyumba kadhaa na mita moja. Ile mita ya zamani, ya kisahani kinachozunguka, iling'olewa wiki ileile Bhoke alipoolewa kutoka Bunda, ikafungwa ya LUKU, ya kulipia kabla. Tangu hapo uniti zikawa zinayeyuka tu. Watu wakajiuliza, nini kimeongezeka hapa? Mita na mke. Mita ni chuma, haina tamaa. Basi ni mke, na pasi yake, na lile jagi lake la kuchemshia maji. Mumewe Mugeta alibaki kukuna kichwa, mwanaume mzima! Jumamosi wazee wa ukoo wangekaa, na Hilda alishasema waziwazi kwamba Bhoke arudishwe kwao.

Fundi alikuwa mwanamke, Diana, buti miguuni na maneno machache. Aliunganisha kifaa chake cha kupimia kwenye waya, akalinganisha na mita, akasema mita iko sawasawa kabisa. Hilda akapiga kigelegele. Bhoke akajikaza.

"Na ile ya zamani?" akauliza.

Diana akasema hiyo aliing'oa yeye mwenyewe. Ilikuwa imechoka, umeme mdogo unapita kisahani kimelala. Huenda mji huu ulikuwa unatumia umeme uleule siku zote, ila sasa ndiyo unahesabiwa wote.

"Basi tuzime kila kitu," Bhoke akasema. "Na pasi yangu mkaishike wenyewe."

Wakazima taa na redio, wakachomoa simu kwenye chaji. Hilda aliingia chumbani kwa Bhoke kukagua, akatoka ameishika pasi, ya baridi. Wakarudi kwenye mita. Kitaa chekundu kikapepesa, kikatulia, kikapepesa tena bila haraka. Kuna kitu kilikuwa bado kinakula.

Diana akaufuata waya kwa macho, juu ya bati, mpaka nyumba ya marehemu mama mkwe. Nyumba hiyo ilifungwa baada ya mazishi, kabla Bhoke hajaolewa, na Mzee alikataza isifunguliwe mpaka wazee wa ukoo waifungue. Kila mtu alishazoea kuipita kama haipo. Ufunguo aliuvaa Mzee mwenyewe shingoni.

Wote wakamgeukia. Mzee Magesa alikuwa amekaa palepale pake pa kila jioni, kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa nyumba ile.

"Ni friji yake," akasema. "Ile ya maji ya kuuza. Inangurumaga. Nikikaa hapa naisikia."

Hilda akatazama chini, pasi bado iko mkononi. Bhoke alikuwa na hasira, na ilikuwa haki yake. Amesemwa vya kutosha kwa ajili ya friji hiyo. Lakini alimtazama yule baba na ukuta wake, huruma ikamjaa.

Mzee akavua ufunguo, akampa yeye.

"Kaizime, mwanangu."

Bhoke aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akamrudishia.

"Siizimi, Baba. Iache ingurume. Ila Jumamosi wazee wakija, uwaambie wewe mwenyewe ni nani anakulaga uniti."

"Nitawaambia," Mzee akasema, akauvaa tena ufunguo wake. Hilda akaenda kuirudisha pasi chumbani.